Maputo ya Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikiona maputo kwenye sherehe ya mtu, hata ya mtoto wa ndugu yangu, nachukia. Watu wananishangaa. Wanasema mwalimu mstaafu mzima nagombana na mipira ya watoto. Sigombani na mipira. Nagombana na kile kilichotiwa ndani yake mwaka ule pale Bariadi, kitu ambacho kilitakiwa kuwa mikononi mwa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, kikaenda hewani huku wazazi wao wenyewe wanapiga makofi.

Nilikuwa mwalimu wa kemia. Mwenyewe nimezaliwa Nkoma, nimekulia kwenye pamba, kwa hiyo nilijua shule ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye pamba. Miaka ya nyuma kila mkulima aliyeuza mzigo wake kwa ushirika alikatwa kidogo, na hicho kidogo kikajengea madarasa, kisha maabara yenye meza ndefu za mninga na masinki ya kaure. Sisemi kwamba ushirika ulikuwa wa malaika. Ulichelewesha malipo mpaka watu wakaoa na kuachana wakisubiri, mizani yake ilikuwa na tabia zake, na viongozi wake walinenepa kwenye njaa yetu. Lakini maabara waliijenga, na mimi niliikuta imesimama.

Kisha biashara ikawa huria. Wanunuzi binafsi wakaja na malori, ushirika ukayumba, na serikali nayo ikawa kama imepata mahali pa kupumzikia, ikaacha kutuletea kemikali. Tuliambiwa kila shule ijitafutie. Kujitafutia! Neno hilo lilikaa midomoni mwa kila ofisa aliyepita pale, na hakuna hata mmoja aliyesema tutafute wapi. Dukani Bariadi ungepata betri, sabuni, viberiti na nyavu za mbu. Asidi hukuipata.

Stoo ya maabara ilibaki na vyombo vya kioo, chumvi chumvi zilizoganda kwenye makopo, na chupa moja kubwa ya kahawia ya asidi ya haidrokloriki, muhuri wake haujavunjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya somo langu. Asidi ile ilikuwa kali, haijatiwa maji. Ukichukua kidogo ukaipunguza makali unapata ndoo nzima ya asidi ya kufanyia mazoezi. Chupa ile ingetosha mazoezi ya mwaka mzima, ingetosha mtihani wa taifa wa vitendo, na ingebaki ya kuwafaa wadogo zao. Niliifungia kabatini na ufunguo nikautundika shingoni pamoja na msalaba wangu.

Mtihani wa vitendo ndio uliokuwa unaninyima raha. Mtoto anapewa bureti, lile bomba la kioo lenye alama za vipimo na koki chini, limejaa asidi. Chini anaweka flaski yenye magadi au dawa nyingine ya kupingana na asidi, iliyotiwa kiashiria, rangi yake ya waridi. Anafungulia koki, asidi inadondoka tone kwa tone, na lile tone moja linalofuta rangi ndilo linalotafutwa. Ukilipita, umeharibu. Ndiyo maana mtu hufanya mara ya kwanza kwa kukisia, halafu anarudia mara ya pili na ya tatu kwa uangalifu, anachukua wastani. Kazi hiyo ni ya vidole. Hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha ubaoni.

Darasani nilikuwa na msichana wa Lalago ambaye vidole vyake nilivingojea kwa hamu. Mrefu, mkimya mpaka asipoelewa, na asipoelewa hakuachii njia. Alitaka kusomea maabara ya hospitali, basi, hakuwa na ndoto ya pili. Mama yake alimlea peke yake kwa pamba na mahindi, na likizo binti alirudi kuchunga na kupalilia kama wengine wote. Alijua kwamba mtihani ule wa vitendo ndio mlango wake, na mimi nilijua.

Muhula ule niliwafundisha hesabu ambayo haikuwa kwenye silabasi. Niliikuta kwenye jarida la walimu lililokuja ndani ya maboksi ya vitabu vya msaada. Jarida liliiita uchumi wa atomi. Mimi niliwaambia ni hesabu ya kujua, katika vyote ulivyotia kwenye chungu, ni vingapi vimeingia kwenye kile unachokitaka, na ni vingapi vimekwenda kwingine. Unachukua uzito wa kinachotakiwa, unagawanya kwa uzito wa vyote vilivyoingia, unazidisha kwa mia.

Tulianza na chokaa. Jiwe la chokaa ukilichoma, katika mia unapata hamsini na sita za chokaa, nyingine zote ni hewa inayopanda na moshi. Wakaona ni sawa, kila mtu alishaona tanuru. Nikawapa ya pili: zinki ndani ya asidi, tupate haidrojeni. Zinki sitini na tano. Asidi mbili, kila moja thelathini na sita na nusu, jumla sabini na tatu. Vilivyoingia ni mia moja thelathini na nane. Haidrojeni inayotoka ni mbili. Mbili tu! Wakagawanya, wakafuta, wakagawanya tena, wakaangaliana. Asilimia moja na nusu haikufika.

"Madam, tumekosea wapi?" akauliza yule wa Lalago.

"Hamjakosea."

"Sasa tukipima vizuri, tusimwage hata tone, haiongezeki?"

"Haiongezeki. Kumwaga ni hesabu nyingine. Ile inauliza umepata kiasi gani kati ya ulichostahili kupata. Hii inauliza ulistahili kupata nini tangu mwanzo. Hata ukifanya bila kosa, utapata hiyohiyo."

Halafu akauliza ni nani anayeamua kipi kinachotakiwa, maana hata kile kingine kilichobaki chunguni huenda kina kazi yake. Akatoa mfano wa pamba: ukichambua, nyuzi ni kidogo na mbegu ndiyo nyingi, na mbegu kwao si taka. Inatoa mafuta, inatoa mashudu ya ng'ombe, na mwakani inarudi shambani. Nikamwambia kinachotakiwa anakiamua aliyeandika swali. Darasa likacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mwaka ule malori yalikuwa yanabeba pamba na mbegu zake yanapotelea nazo, na wafugaji wa pale walikuwa wanatafuta mashudu kama watu wanaotafuta mganga.

Basi, tukiwa hapo, nikaitwa ofisini kwa Mkuu wa shule.

Alikuwa mtu wa jiografia, mpole, anayependa shule yake. Nasema hivyo kwa sababu hasira yangu haitakiwi kumfanya shetani. Aliniambia tumepata bahati. Tajiri mmoja aliyefungua kiwanda cha kuchambua pamba amekubali kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali. Akipendezwa, ataisaidia maabara. Kwa hiyo kemia ioneshe kitu.

"Watafanya zoezi la bureti," nikasema.

"Mwalimu, maji ya waridi yanageuka meupe. Atapendezwa na nini hapo?"

"Ndiyo kemia wanayotahiniwa, Mkuu."

"Mgeni hatahiniwi. Mimi nataka maputo. Ya kijani na meupe, rangi za kampuni yake. Akate utepe, yapae. Haidrojeni si inapaa?"

Nilidhani anatania. Nikamweleza kwamba kujaza maputo ya kutosha kutamaliza chupa nzima. Nikamwandikia hesabu pale pale juu ya meza yake kwa kidole: vinavyoingia, kinachotoka. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyeachwa na gari.

"Siku hizi hakuna wa kutuletea, Mwalimu. Lazima tujiuze. Akishaahidi mbele ya wazazi, asidi itakuja katoni kwa katoni."

"Na asipoleta? Mtihani tunaufanyaje?"

"Wewe unamwombea mabaya mtu hata hajafika."

Nilikataa. Nilikataa ofisini na nikakataa kwenye kikao cha walimu, kwa sauti ambayo nimeambiwa ilisikika mpaka jikoni. Akasema ataheshimu maoni yangu, kisha akatoa ufunguo wa akiba ambao sikujua upo, akafungua kabati, kazi akampa mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo! Eti kwa vile ndiye aliyezoea kujaza mipira.

Zinki haikuwepo, ila watoto walijua inakopatikana, maana niliwafundisha mimi mwenyewe: lile kopo la betri ya tochi ni zinki. Ikatoka amri kila mwanafunzi alete betri zilizokufa. Redio za vijiji vyote kuanzia Nkoma hadi Lalago zilitoa maiti zao. Siku zile za kujiandaa na mtihani, kidato cha nne walikaa nyuma ya karakana wanapasua betri kwa mapanga na misumari, mikono myeusi mpaka viwikoni. Wengine walipaka mawe chokaa. Sikusikia hata mzazi mmoja akiuliza kwa nini.

Asubuhi ya sherehe nilikwenda kusimamia, kwa sababu vinginevyo mtoto angepofuka. Walitia vipande vya zinki kwenye chupa za soda, wakamimina asidi, wakavisha puto mdomoni mwa chupa. Chupa zilichemka, nyingine zikapasuka, mvuke ukawakaba koo. Yule wa Lalago alikuwa anashika faneli. Kila mara ile chupa ya kahawia ilipoinamishwa aliiangalia, na mimi nikamwona anaiangalia. Mwalimu wa michezo akamwambia atabasamu, leo ni sikukuu.

Mgeni alichelewa kama wageni rasmi wanavyochelewa. Ngoma zikapigwa, akakaa, akanywa soda, akaletewa mkasi. Akakata utepe. Maputo yaliyojaa vizuri yalipanda kweli, kijani na meupe, yakaelekea upande wa maghala yake ya pamba kana kwamba yametumwa. Yale madogo yaliyojazwa kwa papara hayakupanda popote. Yalibingirika chini kwenye vumbi, mbuzi wa kuchinjwa wakayakimbia na kamba zao. Watu wakapiga vigelegele kwa yote mawili.

Mama yake yule msichana alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa ametoka Lalago tangu alfajiri, kitenge kipya.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwanangu ananiambia ile mipira imejaa dawa yenu ya maabara. Ile ya kufanyia mtihani."

"Ndiyo, mama."

"Halafu inarudi?"

"Hairudi."

"Hata mmoja?"

Alicheka kidogo akidhani namtania, maana kwao kitu cha mtihani hakiwezi kuchezewa. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Alibaki ameshika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka hotuba ikaanza.

Na hotuba yenyewe! Mgeni alisimama na kofia ya kampuni yake kichwani akatuambia kwamba zama za kubebwa zimekwisha. Akasema mkulima wa huku tatizo lake ni bidii. Aongeze bidii, apalilie kwa wakati, achume pamba safi, ataona maendeleo yanakuja yenyewe. Wazazi wakaitikia. Watu ambao migongo yao ilishakunjika kwa jembe wakaitikia kwamba tatizo lao ni bidii.

Nilitaka niinuke nichukue chaki. Kwa sababu hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nimewapa watoto, na mzee yule alikuwa anatuchanganyia makusudi hesabu ya kumwaga na hesabu ya ulichostahili. Bidii ni hesabu ya kutomwaga. Mkulima wa Lalago anaweza asimwage hata punje, anaweza kupalilia mpaka kucha zikang'oka, na bado atapata fungu lilelile alilowekewa na aliyeandika mlinganyo. Akizidisha pamba, kinachokwenda kwingine nacho kinazidi. Na aliyeuandika alikuwa mbele yetu anafuta jasho kwa leso. Hakuwa na haja ya kutudanganya. Sisi wenyewe tulikuwa tumemjazia maputo.

Mwisho akaahidi maabara ya kisasa. Alisema hivyohivyo, ya kisasa, mkono juu. Akagawa kofia za kijani kwa walimu na saa ya ukutani yenye picha ya kiwanda chake. Mkuu alivaa kofia yake papo hapo. Yangu nilimpa mpishi akashikie sufuria.

Asidi haikuja. Mkuu alikwenda kiwandani akaambiwa tajiri yuko Mwanza. Akaenda tena, yuko Dar. Nilipomwambia twende wote mimi nikaongee, akasema tusimchoshe mtu mkubwa, bado ana nia. Nikafanya mazoezi na watoto kwa maji. Bureti ikajazwa maji, flaski ikajazwa maji, wakafungulia koki, wakafunga. Lakini maji hayana lile tone. Hayageuki rangi, hayakushtui. Niliwaambia, "Hapa sasa rangi ingepotea," nao wakaandika kwamba hapa rangi ingepotea.

Mtihani ulipokaribia nikaomba ruhusa, nikaenda Maswa kwa mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Shule yake nayo ilikuwa inakwangua mabaki. Alinipa dumu dogo la asidi iliyokwisha kupunguzwa makali, akaomba radhi kwamba hana zaidi. Kurudi Bariadi sikupata usafiri ila lori la pamba, na lori lenyewe lilikuwa la mgeni rasmi wetu. Nilikaa juu ya pamba ya watu, dumu nimelikumbatia, natukana kimoyomoyo njia nzima.

Niligawa kwa haki. Kila mtahiniwa bureti moja, mara moja tu. Nafasi ya kukisia haikuwepo.

Matokeo yalipotoka, karatasi ya nadharia ilionekana wazi yule wa Lalago ameifanya vizuri, ila kemia nzima ilishushwa na vitendo. Chuo hakikumchukua. Alirudi kwao Lalago, akaolewa baadaye, analima pamba. Nilikutana naye mnadani miaka mingi iliyopita, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za mgongo wangu. Watu wananiambia mbona ana maisha yake, ana ng'ombe, ana watoto wanasoma. Najua. Hiyo haimrudishii alichonyang'anywa, na sitaki kuambiwa nifurahi.

Maana mimi nilikuwemo ndani ya chumba kile cha mtihani. Kwenye vitendo mwalimu wa somo huruhusiwa kukaa pembeni, awagawie vifaa. Nilimwona anashika koki kwa mkono wa kushoto kama nilivyomfundisha, flaski anaizungusha kwa mkono wa kulia, taratibu. Matone yakaanguka. Waridi ikabaki waridi. Akaongeza kidogo. Ikabaki. Akafungua nusu mzunguko zaidi, nusu tu, kosa ambalo kila mtu duniani hulifanya mara ya kwanza, na rangi ikaondoka yote kwa mkupuo. Akafunga koki haraka. Aliitazama ile flaski nyeupe na akajua kabisa kwamba amelipita lile tone, ila amelipita kwa kiasi gani, hakuna aliyeweza kujua.

Wenzake waliokosea walijaza namba za kubuni kwenye mstari wa pili na wa tatu. Yeye hakubuni. Aliandika ile moja, akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono. Nikaenda.

"Madam, naomba nirudie. Sasa nimejua inavyokuwa."

Dumu lilikuwa limelazwa kifudifudi kwenye sinki, limekauka.

"Hakuna, mwanangu."

"Hata kidogo?"

Kwa sauti ileile ya mama yake. Nikatikisa kichwa. Nje, Mkuu alikuwa anapita karibu na dirisha, anachungulia kama mambo yanakwenda sawa, kofia ya kijani kichwani.